Watu Ishirini na Wawili Majini

Suruali zile nilizikata mimi. Watu wakiitazama filamu ya Askari wa Kushoto huanza kucheka kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, na wanachokicheka ni suruali: moja imeishia chini kidogo ya goti, nyingine ina nafasi ya kumeza watu wawili, ya tatu imeshikiliwa na kamba ya katani. Nilikuwa fundi wa mavazi katika studio moja kwenye barabara ya kwenda Piramidi. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na kazi yangu hadi siku hiyo ilikuwa kumfanya mtu apendeze. Mwezi Machi wa mwaka 1965 mwongozaji wetu, Ustadhi Wagdi, aliniita akaniambia nisahau yote niliyofundishwa. Alitaka jeshi ambalo hata adui angelionea huruma.

Jeshi lenyewe tuliazimwa. Wagdi alikuwa amejaribu watu wa kukodi, wale wanaojaza mitaa na masoko kwenye filamu, akaona hawajui hata kusimama. Akaandika barua kambini, na Jumamosi moja asubuhi likaja lori la askari wa kweli, vijana ishirini na wawili wanaotumikia jeshi kwa lazima, pamoja na koplo mwenye karatasi ya majina. Koplo aliwahesabu walipokuwa wanashuka, kisha akamtaka Wagdi atie saini, kama mtu anayepokea mablanketi.

Wengi walikuwa watoto wa wakulima wa Delta na wa kusini, wa miaka ishirini au ishirini na miwili. Saa nzima ya kwanza hawakuthubutu kuketi. Nilipopita na utepe wangu wa kupimia, kila niliyemgusa bega alikakamaa akanitazama juu ya kichwa, kama mimi ni mkaguzi. Mmoja wao alikuwa mrefu kupita wote, anatoka kijiji kimoja cha Minufiya, akiitwa Rizq. Huyo ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini sana, kama sare yake ya kweli ataipata tena, maana mtunza ghala wa kambi yao alikuwa mtu wa kuweka mwenzake ndani kwa kifungo tu kilichopotea. Nikamwonyesha kabati na ufunguo. Akatulia. Nilimkatia suruali ikaishia katikati ya muundi, na alipojiona kwenye kioo aliziba mdomo kwa mkono, ameona aibu kucheka mbele ya mwanamke.

Halafu akaingia Labib.

Labib Bishara alikuwa mtu wa Shubra, mchezaji wa jukwaani tangu ujana, mnene wa shingo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa na roho ya kuku. Hakuwahi kutumikia jeshi hata siku moja, kwa sababu alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa mama yake, na kwa sheria zetu mtoto wa pekee huachwa nyumbani. Akimwona ofisa njiani alikuwa anavuka barabara. Sasa alipewa kucheza Sajini Tartur, sajini asiyejua kulia wala kushoto, na ambaye yu radhi kufa kuliko kukubali kwamba hajui. Husimama akiwakabili askari wake, huamrisha wageuke kulia, halafu huelekeza mkono wake mwenyewe wa kulia, ambao kwao ni kushoto. Nusu hutii mdomo, nusu hutii mkono, wanagongana pua. Hapo ndipo anaponguruma: "Kulia ni ninakotazama mimi!"

Maneno hayo hayakuwamo kwenye maandishi. Labib aliyasema siku ya mazoezi aliposahau yaliyoandikwa, na Wagdi alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

Kazi ilikuwa kwa wale askari. Mtu akishapigishwa gwaride mwaka mzima, mguu wake haukubali kukosea. Labib aliwapa amri, wote ishirini na wawili wakageuka pamoja kama mlango mmoja. Wagdi akapiga kelele kwamba hii ni sinema ya kuchekesha, si sikukuu ya mapinduzi. Wakajaribu tena, wakageuka vizuri zaidi. Labib akaomba aachiwe siku tatu. Akawapeleka nyuma ya karakana yangu, nami niliwasikia kupitia dirishani siku zote tatu, anawafundisha kusitasita, kumtazama jirani, kumwamini jirani badala ya kuamini masikio yao. Aliwaambia wasiigize makosa. Waupoteze upande wa kulia kabisa, wausahau, kama mtu aliyeamka ghafla nyumbani kwa watu.

Rizq ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alikuwa anageuka pole pole, na kichwa kinatangulia mwili, na usoni ana wasiwasi wa mtu mzima kabisa. Wenzake walimwangalia yeye wakajifunza. Siku ya tatu alikuwa anaweza hata kumwiga Labib, shingo na sauti na vyote, na Labib mwenyewe alikaa chini kwenye mchanga kwa kicheko akamwambia, "Kijana, ukimaliza jeshi njoo kwangu. Nitakutafutia nafasi jukwaani." Rizq akajibu kwamba kwao kuna ng'ombe wa baba yake, na nani atamkamua. Lakini nilimwona siku hiyo amebaki nyuma, anayafikiria.

Tulikula pamoja wiki tatu. Maharage ya ful kwenye sufuria kubwa, vitunguu vibichi, jibini kali ya chumvi ambayo mmoja aliletewa na mama yake katika mtungi. Sijawahi kufanya kazi kwenye filamu iliyokuwa na furaha kama ile, na nimefanya kazi kwenye filamu arubaini na sita. Koplo aliacha kuhesabu watu kufikia wiki ya pili. Alikuwa amepewa na yeye sehemu ndogo, ya kupiga tarumbeta iliyoziba.

Mwisho tukapiga sehemu ya maji. Katika hadithi jenerali anakuja kukagua, Sajini Tartur anawaongoza watu wake kandokando ya mfereji wa kumwagilia mashamba, anaamrisha kulia, na safari hii, kwa bahati mbaya, wote wanamtii. Wanaingia majini mmoja baada ya mwingine, miguu juu, vifua mbele, bila kupunguza mwendo. Rizq alikuwa wa mwisho kwa sababu ya urefu. Maji yalikuwa ya Machi, baridi, na chini kuna tope. Walipoibuka walitakiwa wasimame kimya na kupiga saluti, lakini Rizq buti lake lilinaswa, akarudi chini, akaibuka na jani la magugumaji kichwani, na wote wakashindwa kujizuia. Walicheka kicheko chao wenyewe, cha vijana ndani ya maji. Wagdi aliiacha kamera iendelee. Filamu inamalizika hivyo, nyuso ishirini na mbili zinacheka, na Labib ukingoni anapiga saluti kwa mkono wa kushoto.

Filamu ilitoka sikukuu ya Iddi ya mwaka uliofuata. Ikakaa kwenye majumba ya sinema majira yote ya baridi. Labib hakuweza tena kununua mkate bila mtu kumwambia kulia ni wapi. Polisi wa barabarani walimwambia, padri wa kanisa lao alimwambia. Alikuwa anapenda, msimsikilize mtu anayesema hakupenda. Alikuwa anajibu kila mmoja kwa sauti ile ile, hata akiwa na homa.

Ikaja Juni ya 1967, na vita na Israeli.

Siku nne tuliambiwa redioni kwamba tunashinda. Siku ya tano mimi na Labib tulikuwa studio, hakuna kazi, tumekaa tu, na mwendesha taa mmoja aliyekuwa ametoka kwa ndugu zake Ismailiya akatuambia alichokiona: askari wanavuka Mfereji wa Suez kurudi huku, peku, midomo imepasuka kwa kiu, wengine wanaogelea. Labib akaomba arudie. Yule mtu akarudia. Labib akainuka akaenda nyumbani bila kofia yake.

Alianza kuwatafuta watu wetu. Alikuwa na majina kumi na tisa, mengine tulikuwa tumeyasahau au hatukuyajua ila ya utani. Alikwenda kambini, yeye aliyekuwa anakimbia kivuli cha ofisa, akasimama langoni na mama za watu. Hakuambiwa kitu. Kufikia Septemba tulikuwa tumejua habari za wanne tu waliorudi, na mmoja wa hao, Mitwalli, mtengeneza viti wa Banha, alikubali kuja kutuona. Alikuja na fimbo. Tulikaa karakanani kwangu, nikamtengenezea chai, na kwa muda mrefu alizungumza habari za filamu. Alikumbuka kila kitu, hata jibini. Labib alimngojea.

Mwisho Mitwalli akasimulia. Amri ya kurudi nyuma ilikuja bila maelezo. Gari la ofisa wao lilikuwa limetangulia na ramani imo ndani. Walitembea jangwani usiku kucha na asubuhi wakafika mahali njia inapogawanyika, hakuna kibao, mchanga pande zote. Wengine walisema mfereji uko kulia, wengine kushoto. Walibishana mpaka sauti zikakauka.

"Halafu mmoja akaiga sauti yako, Ustadhi," alisema Mitwalli. "Kulia ni ninakotazama mimi. Tukacheka. Wallahi, pale pale, hali ile, tulicheka. Kisha wao wakachukua njia ya kulia."

Yeye alikuwa na jeraha la mguu, hakuweza kwenda mwendo wao. Wenzake watatu walibaki naye, likapita lori la majeruhi linaelekea kushoto, wakapanda. Kabla ya adhuhuri walisikia ndege upande wa pili. Hakuna aliyetoka huko.

Labib aliuliza ni nani aliyeiga sauti. Mitwalli alikitazama kikombe. Akasema hakumbuki, kulikuwa na vumbi. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza kwamba hawakwenda kulia kwa ajili ya maneno yale. Walikuwa wangekwenda hata hivyo, ule ulikuwa utani tu. Labib akasema, "Ndiyo, mwanangu. Nimekuelewa." Alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi. Alipopita lango la studio, bawabu, ambaye hakujua lolote, alimpigia saluti ya mkono wa kushoto kama alivyofanya kila siku, na Labib akairudisha.

Hakuchekesha tena. Alimaliza filamu moja aliyokuwa ameshaianza na ukiitazama utaona macho hayamo. Baada ya hapo alichukua sehemu za mababa wagonjwa na mahakimu, akazeeka haraka, na watu wakasema amepata majivuno.

Mama yake Rizq alikuja masika ya 1969. Alimpata bawabu, bawabu akamleta kwangu, maana alisema anamtafuta mwanamke aliyemkatia mwanawe suruali. Rizq alikuwa ameandika habari hiyo katika barua. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa jua, na ameshika mguu wa kiti changu alipoketi sakafuni, hataki kiti. Serikali ilikuwa imempa karatasi yenye neno moja: amepotea. Picha pekee ya Rizq ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho alikwenda nacho. Kijijini kwao hakuna sinema. Alikuwa ameambiwa na mtu aliyetoka Kairo kwamba Rizq yumo kwenye filamu, anatembea.

Nilimwita Labib kwa simu. Alikuja, akazungumza na mwendesha mashine, wakatafuta mikanda ya filamu, na saa nane mchana tukawa watatu katika chumba cha maonyesho chenye viti thelathini. Mama Rizq aliitazama filamu nzima kwa adabu. Hakucheka, wala hakulia. Kila Rizq alipopita, mama aliinua kidole, kama mtu anayejibu jina lake. Kwenye sehemu ya maji alisimama. Ilipokwisha akaomba irudiwe, ikarudiwa mara nne, hiyo sehemu peke yake.

"Anacheka," alisema. "Kwangu hakuwa mtu wa kucheka hivi."

Taa zikawashwa. Akamgeukia Labib, ambaye alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa, akamtazama sana. Nafikiri alijua kuwa yule ni mchezaji, alikuwa mwanamke mwenye akili. Lakini alikuwa ametoka kumwona kwa macho yake akimwamrisha mwanawe, na mwanawe akitii.

"Baba," alimwambia, "wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wao. Uliwapeleka wapi?"

Labib alifungua mdomo. Mimi nilijua anachokijua, habari ya njia panda na mchanga, na nilimwomba Mungu asiseme. Akasema, "Sijui, mama." Akarudia kusema hajui mpaka mimi nikamshika mkono yule mama nikamtoa nje, nikamwosha uso, nikampa mkate wa safari.

Toka hapo alikuja kila mwaka mwezi wa Juni. Miaka ya mwanzo alikuja na wengine, maana habari zilienea. Mara moja walikuwa mama saba na baba mmoja, na Labib aliwapokea wote langoni, aliwapangia viti, akawanunulia soda. Hakuketi nao. Alisimama mlangoni mpaka filamu iishe. Mara ya tatu au ya nne nilimwambia aache, kwamba mwendesha mashine na mimi tunatosha. Akaniambia, "Dada Mufida, wakija wasinikute, watafikiri na mimi nimepotea." Sikumwambia tena.

Wale mama walipungua. Mmoja alikufa, wengine walichoka na safari, wengine baada ya vita ya 1973 walipewa medali na hotuba, wakaona mambo yamefungwa. Mama Rizq hakuacha. Televisheni nayo ikaanza kuionyesha Askari wa Kushoto sikukuu kwa sikukuu, nami nilifurahi kwa ajili yake, kwani kijijini kwao umeme ulikuwa umefika na ndugu yake alikuwa na televisheni. Lakini ilikuwa imekatwa. Jenerali anapuliza filimbi, na papo hapo yanatokea maandishi ya mwisho. Sehemu ya maji haimo. Labib alikwenda ofisi moja baada ya nyingine kuuliza nani amekata. Wengine walisema ni kwa ajili ya muda, wengine walisema mtu fulani aliona haifai jeshi la Misri kuonekana linaanguka kwenye mfereji baada ya kuuvuka ule wa Suez kwa ushindi mwaka 1973. Hakuna aliyekuwa mkali naye. Walimletea kahawa, walipiga naye picha, walimwomba awasemee maneno yale.

Ilibaki ile nakala ya studio. Studio iliuzwa, ikauzwa tena. Chumba cha maonyesho kikawa stoo ya vigae, na mikanda yote ikapelekwa ghala moja huko Imbaba. Miaka mitatu Mama Rizq alikuja akakuta hakuna cha kuona. Tulikuwa tunampeleka kunywa chai, tunamwambia mwakani. Mwaka 1984 Labib alipata ruhusa ya kuingia ghalani. Alikuwa na miaka sitini na nane na moyo wake mbovu. Mwenye ghala alituonyesha makopo ya bati yamepangwa mpaka chini ya paa la mabati, na joto lile, ukiweka mkono kwenye bati unaungua.

Tulitafuta kuanzia asubuhi. Filamu yetu ilikuwa makopo tisa, na la tisa ndilo la maji. Kabla sijafungua nilisikia harufu ya siki. Labib akaniuliza nani ameleta achari humu. Nikafungua. Mkanda ulikuwa umevimba na kuwa kitu kimoja, kama keki ya sabuni, umenywea pembeni na kutoa unga mweupe. Nilijaribu kuinua ncha, ikavunjika. Niliielekeza kwenye mwanga: palikuwa na kijivu na mawimbi ya kahawia, basi.

Tulifungua na mengine manane, kwa kuwa tulikuwa hatujui la kufanya. Mawili yalikuwa mazima. Kwenye hayo Rizq hayumo.

Mwezi huo huo Mama Rizq akaja. Sasa alikuwa na mtoto wa jicho, jicho moja halioni kabisa, na binti yake alimshika mkono. Labib aliomba amweleze yeye mwenyewe. Tuliketi kwenye duka la chai karibu na kituo cha Ramses, akamweleza yote, kopo, joto, siki. Yule mama alisikiliza. Kisha akasema haidhuru, macho yake yenyewe yamekwisha; lakini kwa kuwa Sajini alikuwa pale, amsimulie.

Labib akasimulia. Sijawahi kumsikia akifanya kazi vizuri kama siku ile. Alianza na jenerali, akapiga tarumbeta iliyoziba kwa mdomo wake, akawapitisha askari ukingoni mmoja mmoja kwa majina, watu wa meza za jirani wakageuka kusikiliza. Akamfikisha wa mwisho, mrefu, anaingia, anazama, anaibuka na jani kichwani. Mama Rizq alikuwa anatabasamu na jicho lake bovu limefunguka.

"Ana mwanya?" aliuliza. "Kwenye meno ya mbele. Mmoja alikuwa na mwanya, Rizq au ndugu yangu Fathi, nimewachanganya. Nilikuwa nikija kuangalia hapo."

Labib alinitazama. Mimi nilijua mguu wa Rizq ulikuwa sentimita tisini na moja kwa mshono wa ndani, nilijua shingo yake, nilijua bega lake la kushoto lilishuka kidogo. Meno sikuyajua. Nilikumbuka kinywa kimefunguka kinacheka, na nilipotazama ndani ya kinywa hicho hapakuwa na kitu.

"Alikuwa nao," akasema Labib.

"Au huo ulikuwa wa Fathi," akasema mama.

"Inawezekana, mama."

Binti akasema basi lao linaondoka. Yule mama alisimama, akampapasa Labib mpaka akapata kichwa chake, akamwombea dua ya maisha marefu. Hakuja tena Kairo.

Labib aliishi miaka saba mingine. Alikuwa ananipigia simu saa mbaya mbaya kuniuliza kama nimekumbuka. Nilimwambia ndiyo, alikuwa na mwanya, nimekumbuka kabisa. Akasema, "Unanidanganya kama nilivyomdanganya yeye." Alikufa mwaka 1991, Jumanne, akiwa anavaa viatu. Gazeti liliandika mistari sita na kukosea umri wake.

Baada ya arubaini yake nilipanda basi kwenda Minufiya. Niliona ni haki Mama Rizq apate habari, na pengine nilitaka nionane na mtu aliyemjua Labib kwa upande huo. Nyumba ilikuwa ya matofali mapya, juu yake vyuma vimebaki vimesimama kungojea ghorofa isiyojengwa. Binti alinipokea vizuri sana. Akanionya kwamba mama hatambui watu tena, lakini hana ubaya, ameketi tu uani.

Niliketi karibu naye nikamshika mkono. Nikamwambia mimi ni Mufida, fundi wa mavazi, na nimekuja na habari za Ustadhi Labib, mkubwa wa kikosi cha Rizq.

"Rizq nani?" aliuliza.

"Mwanao, mama."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyekosea nyumba. "Mimi nina mabinti tu," akasema. "Wawili. Sikujaliwa wa kiume."

Binti yake alianza kumsahihisha, nikamwomba aache. Kuku walikuwa wanachakura karibu na tanuri. Baada ya muda yule mama aliniuliza kama nimekula, nikasema bado, akaagiza niletewe mkate wa samli na asali ya muwa, na akahakikisha kwa kuupapasa kwamba nimepewa kipande kikubwa. Nikala. Basi la mwisho lilikuwa saa kumi, na binti alinisindikiza mpaka barabarani.